Hati ya ardhi, hati ya cheo, amri ya malipo au noti: uanzie wapi kukusanya sahihi za viongozi wa majimbo ya kwanza ya Marekani

Anayetaka kumiliki karatasi yenye sahihi ya mmoja wa waasisi wa Marekani kwa kawaida huanza kwa kutafuta barua, na akiona bei hukata tamaa. Barua iliyoandikwa kwa mkono wa Thomas Jefferson au Benjamin Franklin ni ya makumbusho na matajiri. Ila watu hao hao walikuwa pia magavana wa majimbo yao, na wenzao walikuwa waweka hazina, makatibu na wajumbe wa kamati za malipo. Kazi ya ofisi hizo ilikuwa kutia sahihi kutwa: hati za ardhi, vyeo vya wanamgambo, malipo ya askari, noti za jimbo. Fomu ilipigwa chapa, karani akajaza majina na tarehe kwa mkono, kiongozi akatia sahihi. Zilitolewa kwa wingi, na zilizobaki bado zinanunulika.

Kuna jambo linalozifanya hati za majimbo ziwe salama kuliko hati nyingi za serikali ya taifa. Mwaka 1833 sheria ilimruhusu karani maalumu kutia sahihi ya Rais kwenye hati za ardhi za serikali kuu. Kwa hiyo hati ya ardhi ya mwaka 1835 yenye jina la Andrew Jackson haikuguswa na Andrew Jackson. Gavana wa jimbo katika miaka ya 1776 hadi 1810 alitia sahihi yake mwenyewe, na mara nyingi katibu wa jimbo naye alitia ya kwake.

Uamuzi tuutoe mapema, sababu zifuate. Mwenye dola mia chache anayetaka kujifunza aanze na amri ya malipo ya Connecticut. Anayetaka kitu anachoweza kukithibitisha mwenyewe kwenye daftari za serikali achukue hati ya ardhi ya Virginia au Pennsylvania. Anayetaka jina kubwa ukutani, na ana maelfu ya dola, atafute hati ya cheo ya Massachusetts. Anayetaka tu sahihi ya mmoja wa wale 56 waliotia sahihi Azimio la Uhuru, kwa gharama ndogo iwezekanavyo, achukue noti ya New Jersey ya 1776 iliyosainiwa na John Hart.

Hati ya ardhi: Virginia dhidi ya Pennsylvania

Hizi mbili ndizo zinazopatikana zaidi, na wanunuzi wengi huzichanganya.

Hati ya Virginia huanza na jina la gavana kwa herufi kubwa, kisha salamu kwa wote watakaoiona. Inataja hati ya manunuzi na namba yake, ukubwa wa ardhi kwa ekari, kaunti, halafu mipaka. Mipaka ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Mpima ardhi anaanzia kwenye mwaloni mweupe ukingoni mwa kijito, anakwenda kaskazini nyuzi kadhaa kwa fito kadhaa hadi kwenye miti miwili aina ya hikori, anageuka, na hatimaye anarudi pale alipoanzia. Kila ufito ni futi 16 na nusu. Ukiwa na subira unaweza kuichora mipaka hiyo kwenye karatasi ya mraba na kuona umbo la shamba.

Magavana waliotia sahihi hati hizi ni Patrick Henry (hasa katika kipindi chake cha pili, 1784 hadi 1786), Jefferson (1779 hadi 1781), Benjamin Harrison, Edmund Randolph, Beverley Randolph, Henry Lee, Robert Brooke, James Wood na James Monroe (1799 hadi 1802, kisha kipindi kifupi mwaka 1811). Sheria ya ardhi ya 1779 ilipoanza, bei ilikuwa paundi 40 kwa kila ekari 100, kwa fedha ya karatasi iliyokuwa ikiporomoka. Ardhi nyingi iliyogawiwa wakati huo iko katika Kentucky ya leo, kwa sababu Kentucky ilikuwa sehemu ya Virginia hadi 1792.

Hati ya Pennsylvania ni kubwa zaidi, mara nyingi ni ya ngozi, ina muhuri wa karatasi wa jimbo, na sahihi ya kiongozi huwekwa mara nyingi juu kushoto karibu na muhuri, mahali ambapo mgeni hatarajii kuitafuta. Shamba hupewa jina ndani ya hati yenyewe, jina alilochagua mwenye ardhi, na eneo hutajwa pamoja na nyongeza ya asilimia sita kwa ajili ya barabara. Nyongeza hiyo ikikosekana kwenye hati ya kipindi hicho, simama uulize kwa nini. Kuanzia 1785 hadi 1788 kiongozi wa jimbo alikuwa Benjamin Franklin, kwa cheo cha Rais wa Baraza Kuu la Utendaji la Pennsylvania. Baadaye wakaja Thomas Mifflin (gavana 1790 hadi 1799), Thomas McKean (1799 hadi 1808) na Simon Snyder.

Tofauti ya bei hapa ni kubwa mno. Hati ya Mifflin huuzwa mara nyingi kwa mamia ya dola, ingawa alitia sahihi Katiba na ndiye aliyekuwa Rais wa Bunge la Bara, yaani bunge la taifa la wakati huo, pale Washington alipojiuzulu uamiri jeshi huko Annapolis tarehe 23 Desemba 1783. McKean, mtia sahihi wa Azimio la Uhuru, naye yumo kwenye mamia. Franklin yuko kwenye makumi ya maelfu. Fomu karibu ni ile ile, ngozi ni ile ile, ofisi ni ile ile. Kwa maoni yetu Mifflin na McKean ndio ununuzi bora kuliko wote katika fani hii nzima, na wanadharauliwa bila sababu. Kwa upande wa Virginia, Monroe hugharimu kidogo kuliko Patrick Henry, na Henry hugharimu kidogo sana kuliko Jefferson. James Wood na Robert Brooke ndio wa bei ya chini.

Faida kuu ya hati ya ardhi ni uthibitisho. Jimbo lilinakili kila hati kwenye daftari kabla ya kumkabidhi mwenye shamba. Daftari za Virginia ziko kwenye Maktaba ya Virginia, mjini Richmond, na picha zake zinatafutika bure kwenye intaneti kwa jina la mpewa ardhi. Ofisi ya ardhi ya Kentucky nayo imeweka za kwake mtandaoni. Za Pennsylvania ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya jimbo, Harrisburg. Kabla ya kulipa, omba picha ya pande zote mbili, andika jina, ekari, kaunti, tarehe na namba ya hati ya manunuzi, kisha linganisha na daftari. Kosa la herufi moja kwenye jina si neno, makarani waliandika walivyosikia. Tarehe ikipishana na daftari kwa mwaka mzima, au ekari zikitofautiana, acha.

Udhaifu wake ni ngozi. Tutarudi hapo.

Hati ya cheo: Hancock, Adams na wengine

Hati ya cheo ni karatasi iliyomfanya mkulima kuwa kapteni au luteni wa wanamgambo. Ile ya Massachusetts ndiyo inayotafutwa zaidi kwa sababu ya John Hancock, mtia sahihi wa kwanza wa Azimio la Uhuru na gavana kuanzia 1780 hadi 1785 na tena kuanzia 1787 hadi kifo chake Oktoba 1793. Sahihi yake hukaa mara nyingi upande wa kushoto, chini ya muhuri wa karatasi, na katibu John Avery ametia ya kwake chini. Nyuma ya hati kwa kawaida kuna maandishi kwamba ofisa huyo aliapa, yakiwa na tarehe na majina ya walioshuhudia kiapo. Usinunue bila kuona nyuma. Kiapo hicho kinaongeza thamani, na ni sehemu ambayo waghushi huisahau.

Samuel Adams alimrithi Hancock na kubaki gavana hadi 1797. Watu wanaolinganisha hati za hawa wawili huona kwamba ya Adams ni nafuu, na wengine hudhani kuna kasoro kwa sababu sahihi inatetemeka. Adams aliugua ugonjwa wa kutetemeka mikono, na sahihi za uzeeni mwake zote ziko hivyo. Hancock naye aliteswa na jongo miaka ya mwisho, na mkono wake wa 1792 si ule wa 1776. Namna ya kutofautisha mtetemo wa mgonjwa na mtetemo wa mghushi ni hii: mgonjwa hutetemeka lakini haachi mwendo, mstari unayumba huku kalamu ikiendelea na wino ukipungua taratibu hadi achovye tena. Mghushi huchora. Husimama katikati ya herufi, huinua kalamu mahali pasipo na sababu, na mwanzo na mwisho wa kila mstari huwa butu kwa sababu kalamu ilitua kwanza ndipo ikaanza kwenda. Kwa lenzi inayokuza mara 10 unaliona jambo hili waziwazi.

Massachusetts ina magavana wengine wa kuzingatia: James Bowdoin, Increase Sumner, Caleb Strong, na Elbridge Gerry (1810 hadi 1812), aliyetia sahihi Azimio la Uhuru na kufa akiwa Makamu wa Rais. Hati ya Gerry ni njia ya bei ya kati ya kupata mtia sahihi wa Azimio kwenye karatasi kubwa yenye muhuri.

New York ni habari nyingine. George Clinton alikuwa gavana 1777 hadi 1795, na John Jay 1795 hadi 1801 baada ya kuwa Jaji Mkuu wa kwanza wa Marekani. Hati za ardhi za jimbo hilo huwa na muhuri mkubwa wa lakiri unaoning'inia kwa utepe. Ukiwa mzima unapendeza kuliko chochote. Kwa bahati mbaya nyingi zilikunjwa na kufungiwa sandukuni kwa miaka mia mbili, na muhuri umevunjika vipande au umebaki utepe mtupu. Muuzaji akiandika kwamba muhuri upo, muulize ni asilimia ngapi umebaki na kama umegandishwa upya.

Amri ya malipo ya Connecticut

Hapa ndipo tunapowapeleka wanaoanza, na tunakaa hapa kidogo kwa sababu karatasi hizi hubeba habari nyingi kuliko ukubwa wake.

Wakati wa Vita vya Mapinduzi Connecticut ilikuwa na kamati ya malipo iliyokagua madai ya askari, wauguzi, wauza ng'ombe na wachukuzi. Dai likikubaliwa, kamati iliandika amri kwa mweka hazina, kwa miaka mingi John Lawrence, amlipe fulani kiasi fulani na kukiingiza kwenye hesabu ya jimbo. Kiasi ni kwa paundi, shilingi na peni, shilingi 20 kwa paundi na peni 12 kwa shilingi. Wajumbe wa kamati walitia sahihi mbele. Aliyepokea fedha alitia sahihi nyuma. Hazina ilipomaliza kulipa, karatasi ilikatwa kwa kisu au kutobolewa ili isitumike tena.

Mkato huo ndio unaoamua bei. Ukipita kwenye nafasi tupu hauna madhara yoyote, na kwa kweli ni ushahidi kwamba karatasi ilipita hazina. Ukipita katikati ya sahihi ya mtu muhimu, nusu ya thamani inaweza kupotea. Wauzaji wengi hupiga picha karatasi ikiwa juu ya kitu cheupe, na mkato hauonekani. Omba picha nyingine ikiwa juu ya karatasi nyeusi.

Majina ya kuangalia mbele ya karatasi ni Oliver Ellsworth, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa tatu wa Marekani (1796 hadi 1800), na Oliver Wolcott mdogo, aliyemrithi Alexander Hamilton kama Waziri wa Fedha mwaka 1795 na baadaye kuwa gavana wa Connecticut kuanzia 1817 hadi 1827. Wajumbe wasiojulikana sana, kama Fenn Wadsworth na Hezekiah Rogers, huuzwa kwa bei ndogo kabisa. Baada ya vita kamati iliondoka, na amri za miaka ya mwisho ya 1780 na ya 1790 husainiwa na mdhibiti wa hesabu, kama Ralph Pomeroy.

Geuza karatasi. Nyuma kuna mtu ambaye historia imemsahau, na mara nyingine ndiye mwenye thamani kuliko waliosaini mbele. Askari weusi wa Connecticut walilipwa kwa fomu hizi hizi. Kulikuwa na kampuni nzima ya askari weusi katika Rejimenti ya Nne ya jimbo hilo. Wasiojua kuandika waliweka msalaba, na karani akaandika jina lao pembeni. Hati za namna hii hugombewa minadani na bei yake huzidi ya Wolcott kwa mbali. Kwa hiyo nazo zina hatari yake: wauzaji huona jina kama Cuff, Cato au Pomp na kutangaza papo hapo kwamba mhusika ni askari mweusi. Jina peke yake halitoshi. Taka namba ya rejimenti, kisha itafute kwenye orodha za askari za jimbo, ambazo mara nyingi hutaja rangi au kampuni. Muuzaji mwenye uhakika atakuwa nayo tayari.

Noti

Fupi. New Jersey ilitoa noti za tarehe 25 Machi 1776, na kila noti ilisainiwa kwa mkono na watu watatu. John Hart ni mmoja wa watia sahihi wa baadhi yake. Ni karatasi ndogo inayoshikika kwenye kiganja, sahihi mara nyingi imefifia kwa kupita mikononi mwa watu wengi, na mpangilio wa sahihi hutofautiana, kwa hiyo soma majina yote matatu kabla ya kulipa. Kama kiambatisho cha mkusanyiko inafaa. Kama kitu cha kutazama kila siku, amri ya malipo inaipita.

Wanaodhamiria kukamilisha wote 56 wajue mapema kwamba Button Gwinnett wa Georgia atawakwamisha. Aliongoza jimbo kwa wiki chache tu mwaka 1777, akafa Mei mwaka huo kwa jeraha la pambano la bastola, na karatasi yenye sahihi yake iliuzwa kwa zaidi ya dola 700,000 mwaka 2010.

Majina yanayofanana

Hapa pesa hupotea kwa wingi kuliko kwenye kughushi, kwa sababu sahihi ni halali kabisa ila ni ya mtu mwingine.

Jonathan Trumbull wako wawili, baba na mwana, na wote walikuwa magavana wa Connecticut: baba 1769 hadi 1784, mwana 1797 hadi 1809. Oliver Wolcott wako wawili pia. Baba ndiye aliyetia sahihi Azimio la Uhuru, na mwana ndiye wa Hazina. Samuel Huntington wa Connecticut, gavana 1786 hadi 1796, alitia sahihi Azimio. Samuel Huntington gavana wa Ohio 1808 hadi 1810 ni wa ukoo mmoja naye na si mtia sahihi. John Penn aliyetia sahihi Azimio ni wa North Carolina; John Penn unayemkuta kwenye hati za Pennsylvania kabla ya mapinduzi ni wa familia iliyomiliki koloni. George Clinton gavana wa New York hadi 1753 alikuwa ofisa wa jeshi la maji la Uingereza. Hati ya Virginia ya 1809 yenye jina John Tyler ni ya baba. Mwana, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, alikuwa gavana 1825 hadi 1827.

Kinga ni moja: soma mwaka kwanza, jimbo la pili, jina mwisho.

Kipi hughushiwa zaidi

Hati za ardhi na za cheo ni ngumu kughushi nzima, kwa kuwa zinahitaji fomu ya kale, muhuri, mkono wa karani na sahihi mbili. Waghushi walipenda vitu vidogo. Robert Spring, karne ya 19, alitengeneza hundi na pasi za Washington. Joseph Cosey, karne ya 20, aliandika mikono ya Franklin, Jefferson na Lincoln kwa ustadi uliowapumbaza wengi. Kwa hiyo katika aina zetu nne, kilicho kidogo na chenye jina kubwa ndicho cha kuogopwa, hasa sahihi iliyokatwa kutoka kwenye hati na kubandikwa kwenye kadi. Kipande hicho usikinunue. Umekosa tarehe, ofisi, sababu na kila kitu ambacho kingekusaidia kukithibitisha.

Vipimo vya nyumbani ni vichache na vinafaa. Inua karatasi mbele ya dirisha: karatasi ya kipindi hicho ilitengenezwa kwa vitambaa vya kitani, na nyingi huonyesha mistari myembamba iliyobanana inayokatwa na mistari mingine iliyoachana kwa inchi moja hivi. Karatasi laini isiyo na mistari ilikwishabuniwa Uingereza miaka ya 1750, ila kwenye ofisi ya jimbo la Marekani mwaka 1780 haikuwa ya kawaida. Washa taa ya mionzi ya urujuanimno gizani: karatasi ikiwaka buluu-nyeupe imetiwa kemikali za kung'arisha za katikati ya karne ya 20. Tazama wino kwa lenzi. Wino wa chuma na vifundo vya mwaloni huzama kwenye nyuzi na kugeuka kahawia, mzito pale kalamu iliposhuka na mwembamba ilipopanda. Wino ukisambaa kama manyoya kuzunguka mstari, huenda umeandikwa juzi kwenye karatasi ya kale iliyopoteza gundi yake. Na ukiona vinukta vidogo vilivyopangana, hiyo ni nakala ya kiwandani.

Je, ni halali kuwa nayo?

Swali hili hutenganisha aina hizi kuliko watu wanavyodhani. Hati ya ardhi na hati ya cheo ziliandikwa ili zikabidhiwe kwa mtu. Zilitoka ofisini kihalali, zikakaa kwenye familia, zikauzwa. Hati za mahakama, kumbukumbu za bunge na barua zilizopelekwa kwa gavana ziliandikwa zibaki serikalini, na jimbo linaweza kuzidai hata leo. Mwaka 1977 Mahakama Kuu ya North Carolina iliamua kwamba hati mbili za mashtaka za 1767 na 1768, zilizosainiwa na William Hooper kama mwanasheria wa mfalme, ni mali ya jimbo, japo mfanyabiashara alizinunua mnadani waziwazi. Nakala ya jimbo hilo ya Azimio la Haki, yaani orodha ya haki za raia iliyopendekezwa kuongezwa kwenye Katiba, iliyochukuliwa Raleigh mwaka 1865, ilirudishwa baada ya FBI kuikamata mwaka 2003.

Amri za malipo na za hazina ziko katikati. Zilirudi serikalini baada ya kulipwa, na nyingi zilitoka tena zamani, kwa hiyo huuzwa wazi kila mwezi. Hata hivyo angalia nyuma na pembezoni: mhuri wa hifadhi ya nyaraka, namba ya jalada iliyoandikwa kwa penseli, au alama ya kitu kilichofutwa ni sababu ya kuuliza maswali kabla ya kulipa. Taka ankara yenye maelezo kamili na dhamana ya kurudishiwa fedha bila kikomo cha muda ikiwa sahihi si halali au jimbo likidai mali yake.

Gharama halisi, na mahali pa kuiweka

Bei ya nyundo, yaani ile inayotangazwa mwisho mnadani, siyo utakayolipa. Nyumba nyingi za mnada huongeza ada ya mnunuzi, mara nyingi robo ya bei au zaidi. Hati ya dola 400 inakuwa 500 kabla ya usafiri na bima. Omba isafirishwe ikiwa imelala kati ya mbao mbili ngumu, isikunjwe wala kuviringishwa, na kama ina muhuri wa lakiri unaoning'inia, muhuri uchongewe shimo lake kwenye sponji. Lakiri iliyoachwa kwenye gari juani hulainika na kupoteza picha.

Halafu tabianchi ya nyumbani kwako. Ngozi hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, ikivimba na kusinyaa, na wino uliokaa juu yake bila kuzama huanza kubanduka. Karatasi ya kitani ni vumilivu zaidi. Unyevu wa asilimia 40 hadi 50 usiobadilika ndio unaofaa, na ukivuka 65 ukungu huanza. Kwa msomaji wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, ambako hewa iko juu ya kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka, kiyoyozi kinachowashwa jioni na kuzimwa asubuhi ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu ngozi hupanda na kushuka kila siku. Huyo tunamshauri achague karatasi: amri ya malipo au hati ya cheo, na aiweke kwenye sanduku lisilopitisha hewa lenye jeli ya silika na kipimo kidogo cha unyevu. Anayeishi Nairobi au London anaweza kumiliki ngozi kwa wasiwasi mdogo.

Karatasi iwekwe kwenye mfuko wa polista safi, usiwe wa PVC. Wino ukiwa unabanduka usitumie polista, kwa kuwa umeme tuli wake huvuta chembe za wino. Tumia bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Ngozi usiifungie kabisa. Gundi ya utepe wa selotepu usijaribu kuibandua mwenyewe, na hati iliyofunikwa kwa plastiki ya moto katikati ya karne iliyopita iache kwa mwingine hata kama bei inavutia, maana kuiondoa plastiki hiyo hugharimu kuliko hati. Ukitaka kuitundika, kioo kiwe cha kuzuia urujuanimno, hati isiguse kioo, ishikwe kwa bawaba za karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga, mwanga usizidi lux 50, na baada ya miezi mitatu au minne irudi sandukuni huku nakala yake ikichukua nafasi ukutani.